Presha Yangu Ilishuka, ya Baba Mdogo Ikamwangusha

Maneno haya yalisemwa na ofisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi wa Kambi Muru, Kibera, na yakarudiwa Kawangware. Tumeyachapisha jinsi yalivyosemwa, tukiacha nje salamu ndefu na sehemu ya maswali.

   

Nianze kwa kusema mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu kaunti ni kupiga picha, kuandika taarifa, na kumnong'oneza mkubwa wangu jina la mgeni rasmi kabla hajalikosea. Daktari yuko pale nyuma, yule anayecheka, na nikikosea amesema atanikatiza mbele yenu. Nimeombwa kuzungumza kwa sababu nina presha, na kwa sababu jambo lililotokea nyumbani kwetu linatokea katika nyumba nyingi hapa.

Hadithi yangu inaanzia kwenye kiti cha plastiki. Miaka michache iliyopita nilitumwa kupiga picha katika zoezi la kupima afya bila malipo. Muuguzi alikuwa tayari, mashine tayari, kamera yangu tayari. Aliyekosekana ni mtu wa kupimwa. Kila mmoja alimsukuma mwenzake. Wanaume ndio walikuwa waoga zaidi, wamesimama kando na mikono mifukoni kana kwamba wanangoja gari. Nikaona saa zinakwenda. Nikampa kijana mmoja kamera, nikamwambia abonyeze tu, nikakaa mimi. Picha ile ninayo hadi leo. Mimi natabasamu. Muuguzi hatabasamu, kwa sababu anasoma 148 juu ya 94.

Nilikuwa na miaka 34. Sikuwa naumwa kichwa, sikuwa na kizunguzungu, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepanda ngazi za ofisi huku naongea na simu. Muuguzi akanipumzisha dakika tano, akapima tena. Ile ile. Akaniambia nirudi siku mbili tofauti, kwa kuwa presha haihukumiwi kwa kipimo kimoja: ukitoka kukimbizana na matatu inapanda, ukinywa kahawa inapanda, hata ukibanwa na haja ndogo inapanda. Nilirudi. Haikuwa matatu wala kahawa.

Mkidhani nilikuwa na bahati mbaya ya peke yangu, sivyo. Wizara ya Afya na washirika wake walifanya uchunguzi wa taifa zima mwaka 2015, wakakuta karibu robo ya watu wazima nchini wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hebu mtazame aliye kulia kwako na aliye kushoto kwako, kisha ufanye hesabu mwenyewe.

Daktari hakuniandikia dawa siku ile. Alisema 148 ni mahali ambapo mtu asiye na sukari, asiye na ugonjwa wa figo wala wa moyo, anaweza kupewa miezi michache ya kubadilisha maisha huku akipimwa, kisha uamuzi ufanywe. Akaniuliza nimekula nini jana. Nikamwambia ukweli, na nikiusema leo naona aibu: asubuhi chai ya vijiko vitatu vya sukari na mandazi mbili, mchana chipsi na smokie mbili na soda, jioni ugali mkubwa na nyama choma, chumvi imewekwa kando kama mboga ya pili. Nilikuwa na kilo 94. Siku nzima nakaa: ndani ya gari, ofisini, mkutanoni, ndani ya gari tena.

Basi nikaanza. Nikawa nashuka steji mbili kabla ya yangu na kumalizia kwa miguu. Chumvi ya mezani nikaitoa nyumbani kabisa. Soda nikaacha, na wiki ya kwanza nilikuwa na hasira ambayo mke wangu anaikumbuka vizuri kuliko mimi. Baada ya miezi minne kilo nane zilikuwa zimetoka na mashine ikasoma 128 juu ya 82. Sikumeza kidonge hata kimoja.

Nilifurahi, na kosa langu likaanzia hapo. Nilianza kusema nimepona. Nilisema ofisini, nilisema kwa marafiki, na nilisema kwa sauti kubwa kwenye shughuli moja ya ukoo: presha ni chakula tu, mimi nimeponea jikoni, hizi dawa za hospitali ni biashara. Kwenye meza ile alikuwa amekaa baba mdogo, anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa.

Baba mdogo anaishi Kawangware na alikuwa mlinzi wa usiku. Yake haikugunduliwa ikiwa 148. Iligunduliwa ikiwa 190 na zaidi, na kwa muda mrefu alikuwa akimeza vidonge viwili kila siku. Siku aliyonisikia, presha yake ilikuwa 126 juu ya 80, nzuri kuliko yangu. Naye akapiga hesabu ambayo watu wengi hupiga: kama presha yangu ni 126, mimi ni mzima, na mtu mzima anamezaje dawa? Ilikuwa 126 kwa sababu ya vile vidonge. Vidonge vilikuwa vimeshikilia mlango, yeye akadhani nje hakuna upepo.

Mwezi uliofuata jirani mmoja akamletea mikebe ya virutubisho. Mkebe wa kusafisha damu, mkebe wa kufungua mishipa, na unga wa kijani wa kukorogwa kwenye maji moto. Shilingi 12,000, kwa mtu anayelinda geti. Alilipa kidogo kidogo. Aliniambia baadaye kwamba kilichomtoa shaka si maneno ya jirani, ni yangu. Alisema, kijana wa kaka yangu amesoma, na yeye alipona bila dawa.

Akaacha vidonge. Hakusikia chochote, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa nne. Hakwenda kupima kwa sababu hakuwa anaumwa. Mwezi wa tano, asubuhi moja ametoka kazini, kikombe cha chai kikaanguka kutoka mkono wake wa kulia. Shangazi akafikiri ni usingizi. Alipojaribu kuongea mdomo ulikuwa umeenda upande. Hospitali walipima 210.

Yuko hai, tunashukuru. Anatembea na mkongojo. Geti hawezi kulinda tena. Juma lililopita alifunga kifungo cha shati mwenyewe, na watoto wake walipiga makofi. Jirani aliyemuuzia alikwenda kumwona wodini akalia sana. Hakuwa tapeli, naye alikuwa ameuziwa imani ile ile na alikuwa akimeza mikebe ile ile. Tulimsamehe. Mimi ndiye nilichelewa kujisamehe, na ndiyo maana nimesimama hapa.

Sasa nataka tufanye hesabu, kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikimsumbua daktari kwa maswali, na hesabu hii ingekuwa mdomoni mwangu kwenye ile shughuli ya ukoo, baba mdogo angekuwa kazini.

Chakula kinashusha presha kiasi gani? Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uitwao DASH. Walichukua watu wazima 459, wakawapikia chakula chenyewe ili pasiwe na ubishi wa nani alikula nini. Waliopewa mboga kwa wingi, matunda, maharagwe, nafaka zisizokobolewa na maziwa yasiyo na mafuta mengi, wale kati yao waliokuwa na presha ya juu waliona nambari ya juu ikishuka kwa takribani 11 na ya chini kwa takribani 5, ukilinganisha na waliokula chakula cha kawaida. Ndani ya wiki chache tu. Ni kazi kubwa kwa sukuma na maharagwe. Kutembea kwa haraka siku nyingi za wiki humshushia mwenye presha kama 4 au 5. Kupunguza chumvi karibu vivyo hivyo. Kila kilo ya uzito unayotoa, kama 1. Na hizi hazijumlishwi zote kama pesa za chama, maana zinaingiliana, lakini mtu akifanya yote kwa bidii anaweza kushuka 10, 15, pengine kidogo zaidi.

Toa 15 kwenye 148. Unabaki na 133, unaweza kuishi bila dawa huku ukipimwa. Toa 15 kwenye 190. Unabaki na 175, na 175 inapasua mshipa wa ubongo. Mimi na baba mdogo tulikuwa na ugonjwa wenye jina moja, lakini hatukuwa na ugonjwa mmoja. Nilimpa dawa yangu. Kwa mwenye 190, mboga na matembezi ni vya lazima vile vile, ila kazi yake ni kuisaidia dawa, pengine vidonge vitatu viwe viwili, na anayepunguza ni daktari akiwa ameona vipimo.

Sukari nayo ina hesabu yake. Habari mmezisikia kwamba kisukari kinaweza kurudi nyuma, na si uongo. Mwaka 2017 huko Uingereza watafiti wa Glasgow na Newcastle walionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliowekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito, 46 katika kila 100 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka. Ila sikilizeni masharti. Wote walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Hakuna aliyekuwa anachoma insulini. Ugonjwa haukuwa umezidi miaka sita. Dawa zilisimamishwa na wahudumu wa afya waliokuwa wakiwafuatilia. Na walioongeza uzito tena, sukari iliwarudia. Mwenye aina ya kwanza, hasa watoto wetu, akiachishwa insulini kwa sababu ya unga wa kijani au maombi yasiyo na sindano, hatuzungumzii miezi mitano. Tunazungumzia siku.

Kuna mama amekaa safu ya pili, amenipa ruhusa niseme habari zake bila jina, na anajijua. Anauza mandazi asubuhi hapa Kambi Muru. Alikuwa akimeza dawa mbili za sukari. Alianza kwa jambo moja: kuacha kula mandazi zilizobaki. Mnacheka, lakini biashara ya chakula inanenepesha hivyo, unakula hasara yako. Sasa zilizobaki anampa kijana wa boda boda kwa nusu bei. Jioni anatembea na jirani yake. Mwaka umepita, na daktari amempunguzia hadi dawa moja. Hajasema amepona. Amesema amepunguziwa.

Turudi kwenye mikebe, maana najua wengine mlikuja kwa ajili yake, na baadhi yenu mnaiuza. Sikuja kumharibia mtu riziki. Kuna virutubisho vinavyofaa. Mama mjamzito anapewa vidonge vya damu kliniki, na avimeze vyote. Anayemeza metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, akaanza kuhisi ganzi miguuni na kudhani ni sukari peke yake. Huyo akipimwa na kukutwa na upungufu, kirutubisho ni tiba halisi. Mnaona mtindo wake? Kuna upungufu uliopimwa, na kuna kidonge cha kuujaza. Lakini mkebe wa virutubisho uliothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa ya presha au ya sukari haupo. Ungekuwepo, hospitali zingekuwa za kwanza kuutoa, kwa sababu dawa za hospitali nyingi zilianza kwenye miti. Hiyo metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao watu walikuwa wakiutumia kama mitishamba. Wanasayansi wakachunguza kemikali zake, wakaiunda dawa, na daktari wa Ufaransa akaanza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kidonge unajua kina kiasi gani, na kilijaribiwa kwa watu maelfu kabla ya kufika kwako.

Ndani ya mkebe hujui kuna nini. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa onyo mara nyingi kuhusu bidhaa zinazouzwa kama virutubisho vya asili kumbe zimetiwa dawa za hospitali kwa siri, zikiwemo steroidi. Mtu akimeza steroidi bila kujua, magoti yanaacha kuuma, nguvu zinarudi, anaita majirani. Miezi michache baadaye uso umevimba, presha imepanda, sukari imepanda. Hata vilivyo safi vina mambo yake: mizizi ya likorisi hupandisha presha, na chumvi mbadala yenye potasiamu ni hatari kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za presha. Basi chochote unachomeza, hata cha nyanya yako, kibebe uende nacho kliniki ukakionyeshe. Hakuna atakayekufokea. Akikufoka, niambieni mimi.

Na ile mashine. Mnaijua: unashika kifimbo cha chuma mkononi dakika moja, kompyuta inatoa karatasi za magonjwa thelathini, kutoka figo hadi mifupa, na bahati nzuri mikebe ya yote thelathini iko kwenye kabati nyuma ya anayekupima. Hakuna kifimbo kinachoweza kusoma figo kupitia kiganja. Presha inapimwa kwa mkanda wa mkononi. Sukari inapimwa kwa tone la damu. Figo kwa damu na mkojo.

Sasa chakula, na hapa nitasema kama mtu wa Nairobi, si kama kitabu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Nani anapima? Hakuna. Basi pimeni kwa pakiti. Nyumba ya watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo isipungue siku 20 kuisha. Andika tarehe kwenye pakiti siku unapoifungua. Ikiisha kwa siku kumi, mnakula mara mbili, na hapo hatujahesabu chumvi iliyo ndani ya mkate, smokie na vile viungo vya pakiti vya mchuzi. Mimi nilipoanza kuandika tarehe nilifikiri kuna anayeniibia chumvi.

Wataalamu wa lishe wakitaja lozi na mafuta ya zeituni, msivunjike moyo. Yaliyo kwenye ule utafiti wa Marekani mama mboga wa hapa anayo: sukuma, managu, terere, kunde, ndengu, ndizi, mtindi. Unga wa posho mill usiokobolewa una faida kuliko ule mweupe kama chaki, na mara nyingi ni nafuu. Ugali tusiuondoe, tuugeuze tu: sahani ambayo nusu yake ni ugali, iwe nusu yake ni mboga. Wazee wa Kinubi wa hapa wanajua kupika mchuzi wa bamia unaoliwa na kisra, na bamia haijawahi kumpandishia mtu presha, mradi mpishi asimwage chumvi na mafuta. Sukuma nayo ikikaangwa ikaelea kwenye mafuta ya kupima si sukuma tena. Soda ya nusu lita ina vijiko zaidi ya kumi vya sukari. Sitasema zaidi kuhusu soda, mke wangu yuko hapa.

Mazoezi. Kila nikisema mazoezi Kibera, mtu huniambia, sisi tunatembea kila siku kwenda Viwandani na kurudi. Ni kweli, na nyie wa mjengo na wa Viwandani nawapa heshima yenu, mnachohitaji nyie ni maji na usingizi. Vilevile akina mama wa Kawangware wanaokwenda kufua Lavington na Kileleshwa kwa miguu. Ninaowasema ni wengine: mwenye kibanda anayekaa tangu alfajiri, fundi wa nguo, kijana wa boda boda ambaye hata dukani anakwenda na pikipiki, mlinzi wa usiku, na sisi wa ofisi. Kiwango ni dakika 150 kwa wiki, kama nusu saa siku tano, mwendo wa kukufanya uongee lakini usiweze kuimba. Kutoka hapa hadi soko la Toi na kurudi, tazama saa yako uone inakupa ngapi. Tembeeni mchana, na tembeeni wawili au watatu, kwa sababu njia zetu tunazijua. Daktari amenikumbusha: mwenye presha ya juu sana, au anayebanwa kifua akipanda mlima, apimwe kwanza ndipo aanze. Na mwenye sukari asitembee peku, wala na viatu vinavyombana. Kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kumkatisha mguu.

Kwa wanaofunga, kwa kuwa hapa Kambi Muru ni wengi: mwenye sukari aende kliniki wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, si siku ya kwanza, ili saa za dawa zipangwe upya na daktari aseme kama kufunga kunamfaa. Akiwa amefunga na sukari ikashuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, afungue. Masheikh wako hapa, waulizeni kuhusu ruhusa ya mgonjwa, watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo moja la Kibera ambalo halisemwi vya kutosha. Madaktari Wasio na Mipaka walipokuwa wakihudumu hapa, kabla ya kukabidhi kituo cha Kibera South kwa kaunti mwaka 2017, walianzisha vikundi vya wagonjwa ambao hali zao zimetulia. Wa presha, wa sukari na wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikaa pamoja, chumba kimoja, kila miezi mitatu, wakapimwa uzito na presha, wakapewa dawa zao, wakazungumza, wakaenda zao.  Kati ya Agosti 2013 na Agosti 2014 waliingia wagonjwa zaidi ya 1,400. Foleni zikapungua kliniki. Mambo haya yaliandikwa kwenye majarida ya kisayansi, na yalitoka kwenye vichochoro hivi. Nawataja kwa sababu chama tunakijua, merry-go-round tunaijua. Vikundi vyenu vya kuweka pesa vinaweza kununua mashine moja ya presha, ile ya mkanda wa juu ya kiwiko, na kila mkikutana kuchanga, mkapimana na kuandika kwenye daftari. Daftari hilo daktari atalipenda kuliko hadithi yoyote.

Dawa zenyewe. Sitawadanganya, kuna siku unafika dirishani unaambiwa zimeisha. Mimi ni mtu wa kaunti na bado nasema hivyo. Siku hiyo usirudi nyumbani ukangoja mwezi ujao. Mwombe mhudumu akuandikie jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, uulize bei maduka mawili matatu. Dawa za kawaida za presha na sukari si ghali kama mikebe ya shilingi 12,000. Usimeze za jirani. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na aliyejisajili anapata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila kutoa pesa mfukoni. Ambaye hajajisajili, piga *147#, au mwone dada yule mwenye kompyuta, mje na kitambulisho. Wahamasishaji wa afya ya jamii mnawafahamu, wengine ni majirani zenu wa plot moja. Mikoba waliyopewa tangu 2023 ina mashine ya presha na ya sukari. Wakibisha mlango, wafungulieni.

Ukiona mdomo wa mtu umeenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanamkwama ghafla, usimpake mafuta, usimpe maji ya kunywa, usimlaze asubiri asubuhi. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyo hiyo, kwa gari lolote, na ukumbuke saa ilipoanza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza. Shangazi yangu alipoteza saa mbili akitafuta nauli na ushauri.

Baba mdogo alitaka kuja leo akashindwa na ngazi za matatu. Amenituma niseme kwamba amerudia vidonge vyake, juzi alipimwa 134, na kwamba mimi nipunguze kuongea kwenye sherehe.

Meza ya kupima iko upande ule wa dirisha. Wanaume, nawaona mmeanza kuangalia mlango. Mimi nitakaa kwanza kwenye kiti, na mashine itasomwa kwa sauti. Desemba nilikwenda mashambani, nikarudi na 138, kwa hiyo hata mimi sijui itasema nini.